Mwanamke Anayecheka Kwenye Wimbo wa Saba

Gauni la mikono mifupi lilikuwa upande mmoja wa kanda. La mikono mirefu, lenye kola na bitana, lilikula pande zote mbili. Sare ya shule, sketi na shati, ilianza wimbo wa pili ikaisha wa sita, kama uzi haukukatika njiani. Hivyo ndivyo mama yangu alivyopima kazi zake za cherehani, na wateja wake wa Magomeni, hapa Mtwara, walishamzoea. Mtu akiuliza gauni lake litakuwa tayari saa ngapi, mama aliangalia dirishani ilipokaa redio kaseti, akasema, "Wewe nimekuweka upande B," na mteja akaenda zake ameridhika, anajua arudi jua likipungua ukali.

Kanda yenyewe ilikuwa moja. Nyingine zilikuja zikapita, za kwaya, za taarabu, za kuazima na zisizorudishwa, lakini ya kushonea ilikuwa hiyo hiyo: albamu ya bendi ya dansi, nyimbo nane, nne kila upande. Baba aliinunua sokoni Chikongola, mtaa wa pili, siku za uchumba wao. Yeye alikuwa karani bandarini, mtu wa bara, mrefu, mwenye mabega yaliyomlazimu kuingia milangoni upande upande. Mama alitoka Kilambo, kwenye ukingo wa Ruvuma, katika ukoo uliovuka mto kutoka upande wa Msumbiji enzi za babu yake. Kiswahili alikijia ukubwani, na hadi leo mkono kwake ni nkono na mtoto ni ntoto. Nadhani siku za mwanzo, kabla hawajawa na maneno ya kutosha kati yao, ile kanda iliwasaidia.

Nitangulize aibu yangu mapema, nisije nikaonekana mtakatifu humu. Mimi niliyelelewa na albamu nzima siwezi kumaliza wimbo mmoja. Ofisini ninakochapa barua za viwanja vya watu, naweka hedifoni, wimbo unaanza, na kabla kiitikio hakijarudi mara ya pili kidole changu kimesharuka kwenda mwingine. Nachukua sehemu tamu, naacha iliyobaki. Mwenzangu wa meza ya pili aliwahi kuniambia kwamba nasikiliza muziki kama mtu anayepita kwenye vyungu vya harusi akionja kila mboga, halafu anaondoka bila kukaa mkekani. Nilimnunia siku mbili, lakini alisema kweli.

Utotoni nilikuwa mtu mwingine. Nilikuwa nalala chini ya meza ya kukatia.

Meza hiyo ilikaa barazani, imegusana na cherehani, na chini yake mabaki ya vitambaa yalirundikana mpaka mtoto angeweza kuzama humo. Baada ya chakula cha mchana mama alinisukumia huko kwa mguu, taratibu, akaweka kanda upande A, akaanza kukanyaga pedali. Sakafu ya saruji ilikuwa ya baridi na ilitetemeka kidogo. Muziki ulinifikia kupitia mbao za meza, kwa hiyo ulikuwa muziki wa ndani ndani, wenye giza na harufu ya kitenge kipya. Wimbo wa kwanza nilikuwa macho. Magitaa yaliingia moja moja, na mama alikuwa bado anatunga uzi. Wa pili ulikuwa na saksafoni ndefu, na cherehani ilikimbia nayo kwenye mishono iliyonyooka. Katika wa tatu macho yalianza kuwa mazito. Wa nne sijui unavyoisha, nasema kweli, sikuwahi kufika mwisho wake. Kisha ukimya wa kugeuza kanda, kitufe kikalia, na wa tano ukaingia moja kwa moja kwenye ndoto.

Nilichokuwa naota ni nyumba. Kila wimbo ulikuwa chumba, na mtu alikuwa akinipitisha, akinifungulia mlango baada ya mlango, wala haikuwezekana kufika chumba cha mbele bila kupita kile cha katikati. Katika chumba cha sita palikuwa na mwanamume anayelalamika. Katika cha saba palikuwa na yule mwanamke.

Wimbo wa saba ulianza na tarumbeta, polepole, kwa namna ya mtu asiye na haraka ya kufika. Baadaye kidogo kengele ndogo ililia, tingi tingi tingi, ya kioo au ya bati. Halafu mwanamke akacheka. Alianza chini, kooni, akijizuia, halafu akashindwa, akacheka mpaka pumzi zikamwishia, akasema, "Basi, basi." Tarumbeta likaendelea. Nilimpenda mwanamke yule kuliko watu wengi waliokuwa na sura. Niliwaza kwamba bendi ilimwajiri kwa kazi hiyo tu, aje asimame mbele ya kipaza sauti, acheke, aondoke.

Mama yangu mwenyewe hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa na uso mkavu wa kazi, pini tatu mdomoni, na wateja wenye maneno mengi walimwogopa. Sisi watoto tulipofanya vituko vya kuvunja mbavu alitutazama mpaka vikaisha, akarudi kwenye mshono.

Na kwenye kanda hakutaka mchezo. Siku moja, nikiwa na miaka kama kumi, wenzangu wa mtaani walikuja wakitaka kucheza wimbo wa nane, ambao ni wa kurukaruka. Nikabonyeza kitufe cha kupeleka mbele, nikaukimbia wa saba wote. Mama alisimamisha pedali. Akaitoa kanda, akanipa kalamu ya Biki, nikairudisha nyuma kwa mkono, jino kwa jino, wenzangu wamesimama wakinitazama.

"Huo wimbo una kazi yake," alisema.

Sikuuliza kazi gani. Mtoto wa miaka kumi mwenye hasira haulizi. Nilipokuwa darasani, saa za upande B zilikuwa za hesabu na sayansi. Likizo nilipelekwa Kilambo kwa mjomba. Baadaye nikaenda bweni, baadaye chuo, baadaye kazi za mikoani, na chumba cha saba kikabaki nyumbani na wenye nyumba.

Baba alifariki mwaka juzi, mikorosho ikiwa inatoa maua. Niliomba uhamisho nikarudi Mtwara, nikaingia chumba changu cha zamani na masanduku yangu. Mama aliifunika cherehani kwa khanga, akageuza kiti chake cha kupumzikia kikaangalia ukuta. Miezi ilipita hivyo. Nilikuwa nikitoka kazini namkuta amelala mchana, yeye ambaye maisha yake yote alituona walala mchana ni wagonjwa. Jioni moja akiwa anachambua mchele alisema, kwa sauti ile ile ya kusema chumvi imekwisha, "Nami nimfuate tu baba yako." Nilijifanya sijasikia. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama karibu na tangi la maji mpaka moyo ukatulia.

Siku aliyoifunua cherehani nilifurahi nusura niruke. Alifuta vumbi, akatia mafuta, akaweka kanda redioni. Lakini sisimizi walishajenga humo ndani. Redio iliunguruma, ikaimeza kanda, na tulipofungua mlango wake tulikuta utepe umekatikakatika na kujikunja mahali pengi kiasi kwamba rangi ya kucha, ambayo ndiyo iliyoiunga miaka yote, isingefua dafu. Mama alikusanya vipande akavifunga kwenye mfuko wa plastiki, akavitia kwenye droo ya vifungo.

Hapo nikajiona mwenye akili. Nilinunua spika ndogo, nikakaa na simu yangu, nikaanza kuzitafuta zile nyimbo mtandaoni. Watu wamezipandisha, lakini mmoja mmoja, kila mmoja na mpandishaji wake na picha yake isiyohusika. Wa tatu una mapenzi ya watu wengi. Wa nane una wazee wanaobishana chini yake nani alipiga ngoma. Nikazikusanya, nikazipanga, wa kwanza mpaka wa sita, halafu wa nane. Wa saba sikuupata. Jina lake lilikuwa limefutika kwenye karatasi ya kanda tangu zamani, kwa hiyo nilitafuta kwa maelezo: tarumbeta, kengele, mwanamke anacheka. Nikaletewa vichekesho vya kila aina.

"Wa saba?" mama aliuliza, siku ya kwanza, spika ilipopita kutoka wa sita kwenda wa nane.

"Haupo mama. Nadhani hakuna aliyeupenda."

"Basi," akasema, akaendelea kukanyaga.

Makosa yalianza wiki hiyo hiyo. Gauni la kwaya lilitoka na mkono wa kushoto umewekwa kulia, na mwenye nalo aligundua kanisani alipotaka kuinua mikono. Shati la mzee mmoja lilikuwa na matundu ya vifungo upande wa kike. Gauni la sherehe ya kumuaga bibi harusi lilikuwa na pindo lililopanda upande mmoja. Wateja walivumilia, wakasema pole mama, wakarudisha nguo kwa upole uliomuumiza kuliko matusi. Alifumua, akashona upya, akakosea pengine. Nilimpeleka hospitali akapimwa macho, wakasema macho ni mazima. Yeye akajipa hukumu yake mwenyewe.

"Mikono imezeeka," alisema. "Ntu hubaki na mikono mpaka lini?"

Akampa neno mama mmoja wa Chikongola, mwenye kufungua duka la ushonaji, aje Jumamosi achukue cherehani. Kazi ya mwisho ingekuwa gauni la jirani yetu mwalimu, la kitenge cha buluu, la kuvaa kwenye kipaimara cha mwanawe. Aliyasema hayo akiwa anamenya mihogo, hakuniangalia. Mimi niliona kiti kinarudi kuangalia ukuta, na safari hii kingekaa hapo. Sikuwahi kumjua mama bila cherehani. Niliogopa, na niliogopa hasa kwamba asingekaa nasi muda mrefu baada yake.

Usiku wa mawazo sikuuhitaji, nilikuwa na jibu tayari. Nilijiambia kosa ni la wimbo. Nimempa mama nyumba nikang'oa chumba kimoja, na yeye amezoea kupita humo, ndiyo maana anajigonga ukutani. Bado naona kwamba nilikuwa nimekaribia.

Chikongola yupo kijana anayewajazia watu nyimbo kwenye memori kadi. Nilimweleza. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Dada, wimbo wa mwanamke anayecheka ningeukumbuka." Ndipo nikamkumbuka mjomba. Mwaka waliooana wazazi wangu, mdogo huyo wa mama yangu alikopi kanda yao akaondoka na nakala yake Kilambo, na mjomba ni mtu asiyetupa hata kamba iliyokatika.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini, nikakodi bodaboda. Barabara ilikuwa kavu na ya vumbi jekundu, mikorosho pande zote mbili. Baada ya kitambo nikaacha kuhesabu vijiji. Kilambo ina namna ya kumlegeza mtu. Mto ni mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, unapita pembeni ya mafungu ya mchanga bila sauti, na watu wanaongoja kuvuka wamekaa juu ya mizigo yao kama vile wamekuja kwa ajili ya kukaa tu. Ng'ambo ya pili, Msumbiji, moshi ulipanda umenyooka. Nikasahau kidogo nilichofuata.

Mjomba nilimkuta anatandaza ufuta. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Umekuja na mvua au umekuja na njaa?"

Nilimwambia nimekuja na shida ya kanda. Alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na boksi la viatu, na ndani yake kanda ilikuwa imefungwa kwa kitambaa cha shati lake la zamani, lililoshonwa na mama. Betri za redio zilikuwa zimelegea, akazianika juani kwanza zipate nguvu, na sisi tukakaa kuzingoja. Tukala wali na samaki wa mtoni. Alinieleza habari za mpunga wake na za kiboko aliyeula. Kivuli cha nyumba kilihama kutoka miguuni kwangu kikafika mapajani. Sikumbuki mchana mwingine mrefu namna ile tangu nilipokuwa chini ya meza.

Hakukubali kupeleka mbele. Familia nzima ndivyo ilivyo. Tukaanza wimbo wa tano, tukasikiliza wa sita mpaka mwisho, na tarumbeta likaingia. Niliweka simu karibu na redio, nikabonyeza kurekodi, nikafumba macho kumsubiri mwanamke.

Hakuja. Wala kengele haikulia. Palikuwa na tarumbeta, na mwimbaji mwenye sauti ya kawaida akiimba kuhusu barua ambayo haijajibiwa, na ngoma ambayo haikuwa na hamu. Ukaisha.

"Wamekata," nilisema. "Mjomba, nakala yako imekatwa. Kuna mwanamke anacheka hapo."

"Humu hajacheka ntu."

"Anacheka! Na kuna kengele kabla yake. Nimemsikia miaka yote ya utoto wangu."

"Nami nimeusikia wimbo huu tangu hujazaliwa," alisema mjomba, bila hasira. "Labda ulikuwa unaota, mpwa wangu. Ulikuwa ntoto wa kulala sana."

Nilirudi mjini nimenuna, wimbo mfukoni. Nilikasirika na mjomba, na bendi, na mimi mwenyewe, na nilihisi nimenyang'anywa mtu.

Kesho yake, Ijumaa, nilitoka kazini mapema. Niliupanga wimbo mahali pake, wa saba, nikamwashia mama albamu nzima akiwa anaunganisha mabega ya lile gauni la buluu. Nilikaa kwenye ngazi ya baraza nikijifanya nasoma. Wa sita ukaisha. Tarumbeta likaanza. Nilitarajia mguu wake usimame, uso wake ufunguke, sijui nilitarajia nini. Alikanyaga tu. Alikanyaga mpaka katikati ya wimbo, ndipo akasimama, akainamisha sikio kwenye spika.

"Kumbe una maneno," alisema.

"Wimbo gani?"

"Huu. Una maneno. Anasema barua." Alisikiliza tena. "Na kuku yumo?"

"Kuku ni wa mjomba, alilia nikirekodi. Mama, huu wimbo umeucheza kila siku ya maisha yangu."

"Nimeucheza. Sijapata kuusikiliza." Aligusa kitambaa, akakiacha. "Ulipoanza huu tu, baba yako alikuwa anainuka. Tangu siku ya kwanza alisema wimbo huu wamejazia kanda tu, akaenda kuchemsha chai. Basi ikawa hivyo. Zamu yake ikiwa ya asubuhi, anakuwa amesharudi. Analeta chai, anakoroga sukari hapo mezani juu ya kichwa chako, tingi tingi. Halafu ananinyang'anya nguo."

"Anakunyang'anya nguo?"

"Gauni ninaloshona. Analiweka kifuani, hivi, analishika mabegani, anatembea nalo uwanjani. Anageuka. Anaweka nkono kiunoni. Baba yako, na mwili ule." Mdomo wake ulikuwa unahangaika na kitu. "Mafundi wengine wana sanamu la kuvalisha. Mimi nilikuwa naye. Akitembea ndipo naona pindo limepanda, nkono umekaa vibaya. Ukiwa umeinamia nguo huoni. Lazima ntu atembee nayo."

Tarumbeta liliisha. Wa nane ukaanza kurukaruka peke yake na hakuna aliyeuzima.

"Na aliyekuwa anacheka?" niliuliza, ingawa nilishajua.

"Nani angecheka? Mimi."

Nililia pale pale kwenye ngazi, sikujificha. Nililia kwa sababu nilimpenda mwanamke yule nikamtafuta mtandaoni na Chikongola na hadi mpakani, na alikuwa nusu mita juu ya kichwa changu na pini mdomoni. Na nililia kwa ajili ya baba, kwa mara ya kwanza barabara tangu azikwe, baba yangu mwenye mabega ya kubeba magunia, ndani ya gauni la mwanakwaya. Mama hakulia. Alinitazama kama alivyokuwa akitutazama zamani mpaka mambo yaishe, kisha akazima spika akaingia kupika.

Jumamosi kulikuwa na joto lenye usingizi, upepo umekata. Jirani zetu walikuwa wamelala, hata majani ya mpapai hayakucheza. Mama alikaa kwenye cherehani saa nane, akaomba nimwashie tangu mwanzo kwa sababu hii ndiyo ya mwisho. Yule mama wa Chikongola alisema atafika kabla ya saa kumi.

Safari hii nilisikiliza. Simu niliiweka mbali na mkono wangu, juu ya dirisha, nikalala kwa mgongo kwenye sakafu ya baraza na mabaki ya vitambaa kichwani. Nina miaka arobaini na kitu, meza hainitoshi tena, nilichomeka kichwa tu chini yake. Magitaa yakaingia moja moja. Saksafoni ikaja, na pedali ikakimbia. Nilisikia mwisho wa wimbo wa nne. Unaishia kwa mtu mmoja kukohoa, mbali, ambaye hawakumtoa. Wa tano ukapita. Wa sita ukalalamika. Sikuwa macho kabisa wala sikuwa nimelala, na nilijua chumba kipi kinafuata.

Tarumbeta lilipoanza nilikuwa nimeshasimama jikoni. Chai ilikuwa tayari kwenye chupa. Nilimimina, nikaibeba mpaka mezani, nikatia sukari, nikakoroga kwa kelele kuliko inavyohitajika. Mama hakuinua kichwa, lakini mguu wake ulipunguza mwendo. Nikamnyang'anya gauni.

"We!" alisema. "Kuna pini!"

Nililiweka kifuani, nikalishika mabegani, nikashuka uwanjani. Sijui kutembea kwa madaha, sijawahi kujua. Nilikwenda mpaka kwenye kamba ya kuanikia, nikageuka, pini moja ikanichoma, nikaweka mkono kiunoni. Mwimbaji alikuwa anaimba barua yake, na kuku wa mjomba akalia.

"Simama hapo," mama alisema, uso mkavu. "Geuka. Hapana, huku. Una mabega ya baba yako, gauni linakaa vibaya vilevile." Alikunja macho. "Nkono wa kulia. Nimeuweka nyuma mbele. Unaona? Kitambaa kinavuta."

Niliangalia, nikaona. Kitambaa kilikuwa kinavuta.

"Tembea tena," alisema.

Nikatembea tena, nikajikwaa kwenye ndoo ya kufulia, na gauni zima la kipaimara likanifunika usoni. Ndipo nikamsikia. Alianza chini, kooni, akijizuia. Nilibaki kimya ndani ya kitenge, kwenye giza la buluu lenye harufu ya kitambaa kipya, nikiogopa kusogea. Akashindwa. Akacheka mpaka pumzi zikamwishia.

"Basi," alisema. "Basi, basi."

Nilipolishusha gauni, mama wa Chikongola alikuwa amesimama getini na mtu mwenye mkokoteni na kamba. Alitutazama, mimi na ndoo na gauni, akasita kubisha hodi. Mama alijifuta macho kwa upande wa khanga, akanipokonya gauni, akaanza kufumua mkono wa kulia kwa ncha ya wembe. Wimbo wa nane ukaingia.

"Karibu ukae, dada," alimwambia mgeni, na kwa mguu akamsogezea kiti kile cha ukutani. "Nimebakiza wimbo mmoja. Ukiisha, nakupima gauni lako."